Kuhusu Mashine Yako ya Ini

Mjukuu wangu Tusajigwe,

Ugonile? Huku Ndandalo tu wazima, kakao inakauka vizuri. Umeniuliza kama ningekubali kuunganishwa na mashine mnayoitengeneza, ya kusafisha damu ini likishindwa kazi.

Nilipokuwa msichana, macho ya kaka yangu Ambakisye yaligeuka manjano. Daktari alipotaka kumtoa damu, mama akamuuliza, "Mnaipeleka wapi?"

"Hata nikikueleza, utaelewa nini?" akajibu, huku akiandaa sindano.

Mama akamwinua mwanawe, tukarudi naye nyumbani. Tulimzika kabla ya kuvuna mpunga.

Sijui kama wangemponya. Ila mashine yako bado siiamini. Ukija, nieleze damu inatokaje na inarudije. Usipoweza kunieleza mimi, usimuunganishe mtoto wa mtu.

Bibi yako anayekupenda