Mdogo Wake Mama

Mwenzangu, makubwa. Acha unachofanya usome hapa.

Unakijua kile kitabu changu kinene kama tofali, cha ile familia yenye siri. Mama hupenda nimsomee akiwa kwenye cherehani. Leo nimefika pale ndugu wanapomfungia dada yao chumbani, naye analia mpaka sauti inamkauka.

Mama akasimamisha cherehani. "Hapo mwandishi kadanganya. Hakulia."

Nikacheka. Nikamuuliza, nani hakulia?

"Mdogo wangu. Aligonga mlango kwa kijiko, kule chini, taratibu, mpaka akanyamaza."

Mdogo wake. Mama huyuhuyu anayetwambia kila siku kwamba bibi alimzaa yeye peke yake.

Nikauliza, chumba gani. Akawa anatunga uzi kwenye sindano, hata hakuniangalia. "Hicho unacholala. Endelea kusoma, mwanangu."

Na nikaendelea kusoma, unaamini?

Sasa nimechuchumaa nyuma ya mlango wangu. Unavikumbuka vile vishimo vya huku chini, kwa ndani, ulivyokuwa ukivipapasa ukija kulala kwetu? Tukasema ni panya.

Nimechukua kijiko jikoni, nikakijaribu. Ncha yake inaingia sawasawa.