Miraa ya Mwisho ya Baba

Jumatano, Embu

Haikuganda. Nilipofungua kalibu asubuhi, rezini ya kijani, ile plastiki ya maji niliyomiminia vijiti vya miraa, ilikuwa bado laini, imejaa mapovu. Unyevu wa miraa umeiharibu. Nilitaka kuchonga kalamu yenye vijiti vya mwisho alivyochuma Baba kule Laare, siku moja kabla hajafa.

Nikampigia Mama, nikamwambia ilifaa nivikaushe kwanza.

"Kukausha miraa, Kendi, na huliwa mbichi? Baba yako angekufukuza shambani!"

Alicheka kidogo. Mimi sikucheka wala sikulia. Tangu mazishi niko hivi tu.

Limebaki bunda moja, bado limefungwa kwa jani la mgomba. Lazima nilifungue, nivianike vijiti kabla havijaoza. Leo nimelishika mara mbili, nikalirudisha. Fundo alilifunga Baba mwenyewe.