Fisi Walikuwa Watatu

Minjila,
4 Machi 1957

Shemeji Dukicha,

Assalaam alaykum, wewe na Mwanatumu na watoto. Sisi huku wazima, ng'ombe wazima, dada yako Darmi mzima na ulimi wake mzima zaidi. Mama yako naye hajambo. Jicho la kushoto limezidi ukungu, lakini sukari ikipunguzwa kwenye chai yake analiona hilo kabla hajaonja.

Sasa kaa chini. Kitabu kimekubaliwa! Wale wa Nairobi wamesema kitapigwa chapa mwaka huu: hadithi kumi na moja za Waorma, kwa Kiswahili, na jina langu juu. Mimi, ambaye barua yangu ya posa uliirudisha imejaa wino mwekundu.

Ila wananitaka niandike maisha yangu, yawekwe nyuma ya kitabu. "Kazi yako ni ipi?" Nikakwama. Ipi kati ya zile? Nimechunga. Nimevuta kamba ya feri ya Garsen misimu minne. Nimewapikia askari wa Keya vitani kule Bama chakula ambacho adui angekionja, vita vingekwisha mapema. Nimeshika ng'ombe pembe wakidungwa sindano. Sasa ni mkalimani barazani. Mtu akitukana kwa Kiorma, mimi natia sukari. Basi wakanieleza kuhusu waandishi wao wengine: mmoja fundi cherehani, mmoja askari jela, na wa tatu anang'oa meno sokoni. Nikapata moyo. Nimeandika kazi zote, ila kwa Bama nimetaja vita tu, upishi nimeuacha.

Nakuletea kurasa za majaribio walizoniletea, uzisome na kuninyooshea Kiswahili, maana umekaa Kipini hata umesahau fimbo inashikwa upande gani. Zirudishe kabla Mei haijaisha. Juni zinaingia mashineni.

Ni mimi shemeji yako,
Godana


Kipini,
21 Machi 1957

Godana,

Waalaykum salaam. Sisi wazima. Mpunga ni mwingi boharini, na mizani ni yangu peke yangu, ndiyo maana nimekawia.

Kurasa nimezisoma zote. Kiswahili nimekinyoosha, kazi haikuwa ndogo. Lakini nina neno, na sitalizunguka. Hadithi hizi ni za mama yangu. Ile ya swala aliyeushitaki mto, ile ya mjane na fisi, nimezinyonya pamoja na maziwa. Nimetafuta jina la mama mwanzo wa kitabu, nimetafuta mwisho. Nimekuta feri. Nimekuta Bama. Nimekuta hata sindano za ng'ombe. Mama sikumkuta.

Hajui kusoma, lakini jina analo. Herufi saba, Godana! Umevuta feri nzima na malori juu yake, herufi saba zimekushinda?

Kurasa ziko hapa kwangu na sizirudishi. Usipoandika jina, nitawaandikia Nairobi mwenyewe kitabu kisimame.

Dukicha


Minjila,
9 Aprili 1957

Shemeji (neno hilo hukuliandika popote katika barua yako, mimi siliachi),

Salamu nyingi. Natumaini hasira haijakuharibia usingizi. Sisi wazima.

Una haki, ila hukuniuliza. Wewe umeondoka hapa ukiwa hujaoa, na umeoa mbali. Umesahau kwamba kwetu mkwe hatajwi jina, hapewi mkono, wala hatazamwi usoni. Miaka kumi na tisa nimemwoa Darmi, na jina la mama yako halijapita mdomoni mwangu. Hata nikikutana na mwanamke mwingine mwenye jina hilo, mimi humwita "wewe, binti wa watu".

Unajua nilivyozipata hadithi? Mama yako hukaa ndani jioni akiwasimulia wajukuu, ng'ombe wakikamuliwa. Mimi hukaa nje, mgongo umeegemea ukuta wake, daftari magotini. Hatujasemezana hata siku moja. Lakini nikisimama kunoa penseli, yeye ndani hukohoa na kungoja. Na kesho yake husema kwa sauti ambayo mtoto wa karibu haihitaji, "Watoto, jana nilikosea. Wale fisi hawakuwa wawili, walikuwa watatu." Miaka saba, Dukicha. Hicho ndicho kitabu.

Nilipeleka Nairobi mstari: "Nimezisikia kwa mama mkwe wangu." Karani akajibu, leta jina lake kabla Februari haijaisha, ama mstari utafutwa. Nikashika kalamu. Mkono ukakataa. Nilitaka kumpa kazi hiyo mwalimu Hiribae wa Kulesa, lakini yeye humjua mama yako kwa jina la Mama Dukicha, kama watu wote. Ili aandike lile jingine lazima nilitamke kwanza, maana Darmi alikataa kumtajia: jina la mama, alisema, hutolewa na mwanawe wa kiume. Na nikiandika "Mama Dukicha", sifa zote zinakuja kwako, wewe ambaye hujawahi kufika mwisho wa hadithi moja bila kukoroma. Februari ikapita. Mstari ukafutwa. Kosa ni langu, si la karani.

Ningekuomba wewe tangu mwanzo. Niliona haya, mtu mzima mwenye mvi, kukuomba herufi saba.

Sasa naomba.

Shemeji yako,
Godana


Minjila,
20 Mei 1957

Shemeji,

Hamjambo huko? Sisi wazima, ila tumelowa. Mto umepanda hadi uwanja wa malisho, na sijui kama barua yangu ya Aprili ilikufikia au bado inaogelea.

Nawaandikia wewe na Nairobi siku moja. Wao nimewaambia wangoje mpaka Juni kumi na tano. Jina lisipopatikana mpaka siku hiyo, kitabu wakiache. Huna haja ya kukisimamisha, nitakisimamisha mwenyewe. Nimekwisha fanya kazi tano, naweza kuishi bila ya sita. Kitabu kutoka bila yeye, hapana.

Darmi anasema nimekuwa mkali kama mama yako. Nimelichukua kama sifa.

Shemeji yako,
Godana


Kipini,
2 Juni 1957

Shemeji yangu Godana,

Salamu kwako na kwa dada. Barua zako mbili zimeshuka kwenye mtumbwi mmoja jana, zimeshikana kama mapacha. Nilizisoma nimesimama boharini. Wenye mpunga wakapiga kelele, nikawaambia wangoje.

Nilisahau, Godana. Mkwe wangu mimi huzungumza naye kila siku, nikadhani ndivyo ilivyo kila mahali.

Nimeandika ukurasa wa mbele kwa mkono wangu, na leo kurasa zote zimepanda lori la Malindi kwenda Nairobi. Nimeandika hivi: "Hadithi hizi ni za mama yangu, Barwako, wa Minjila. Mkwe wake alizisikiliza miaka saba akiwa amempa mgongo kwa heshima, akaziandika. Mimi mwanawe nilisinzia."

Najua hapo kwenye herufi saba macho yako yataruka. Yaruke tu.

Na upishi wa Bama nimeuongeza.

Shemeji yako,
Dukicha


Minjila,
11 Januari 1958

Shemeji,

Assalaam alaykum nyumba nzima. Sisi wazima kupita kiasi.

Vitabu vimefika. Juzi jioni Hiribae alikuja kumsomea mama yako. Mimi nikakaa nje, mahali pangu. Alipofungua ukurasa wa mbele niliondoka kwenda kumtazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Niliporudi nilikaa tena mahali pangu. Darmi ananiambia mama aliomba mstari ule usomwe mara tatu, na mara ya tatu akaweka kidole juu ya jina lake akakiacha hapo, Hiribae akashindwa kufungua ukurasa mwingine.

Kisha nikamsikia anauliza, "Na huku juu ya jalada pameandikwa nani?"

Hiribae akafungua mdomo.

"Nyamaza, mwalimu! Namjua. Usimtaje mbele yangu."

Basi ndivyo tulivyo, shemeji: kitabu kimoja, majina mawili, na kila mmoja hawezi kulisema la mwenzake.

Akasomewa moja baada ya moja. Kwenye swala alicheka. Kwenye mjane akakohoa, akasema kwa sauti iliyofika mpaka Garsen:

"Watoto! Kitabu hiki kizuri, lakini fisi walikuwa watatu, humu wamebaki wawili. Na ziko nyingine ishirini ambazo sijazisema, nilikuwa nangoja nione huyo wa nje anazifanyia nini hizi."

Nimenoa penseli. Darmi amepita na kibuyu cha maziwa, anasema nimekaa vibaya, nizidi kugeuka.

Shemeji yako,
Godana