Ufunguo wa Wodi Mpya

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Kwanza nipe habari za miguu. Bado inavimba ukitoka zamu, au umeanza kuvaa zile soksi za kubana tulizokununulia? Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wanakula kama waliofungiwa wiki nzima, mkubwa amenipita mabega, na kitinda mimba ameng'oka jino la mbele na anamwonyesha pengo kila anayebisha hodi, hata msoma mita.

Salamu zako nilizipata kupitia kwa shemeji. Yale mengine nayo niliyapata, hakupunguza hata neno. Kwamba nimemponza mwanao. Kwamba mwanamume anayetoa siri za ofisi kitandani hafai hata kulinda gunia la chumvi. Nilimeza, Mama. Kusemwa na wewe nimezoea tangu siku nilipokuja kujitambulisha nikakivunja kiti chako. Lakini siku ile ya kikao cha Bunge umeme ulikatika huko kwenu na habari umezipata za kuokoteza, kwa hiyo naomba nikusimulie mwenyewe, polepole, toka mwanzo.

Kazi yangu unaijua. Mimi ni ofisa wa bajeti, wa kukaa nyuma ya Waziri wa Fedha bungeni, kwenye viti vya pembeni ambako kamera haifiki. Mbunge akiuliza, naandika jibu kwenye kikaratasi, mhudumu anampelekea Waziri, Waziri anasoma. Sisi haturuhusiwi kusema, hata kukohoa tunakohoa kwa adabu. Na kazi ya binti yako unaijua pia. Wabunge wenzake wanamwita Swali Dogo, kwa sababu hajawahi kusimama bila kusema ana swali dogo tu, na hakuna waziri aliyewahi kulimaliza bila kutoka jasho. Ndiyo maana tulikubaliana zamani kwamba habari za ofisi zinaishia mlangoni pamoja na viatu. Bosi wangu haamini. Kila bajeti inapokaribia ananiita na kuniuliza safari hii mkeo atauliza nini, nami humjibu kwamba hata chakula cha jioni sikijui mpaka nikikute mezani.

Siku hiyo alivaa lile gauni la kijani ulilomshonea. Alisimama, akavuta kipaza sauti, akasema ana swali dogo. Alisema serikali imekadiria kwamba tozo ya mafuta italeta mapato yale yale iliyoyakadiria mwaka jana, na mwaka jana hayakufika hata nusu. Akauliza kama kuna magari mapya barabarani ambayo wananchi hawajayaona. Watu wakacheka. Waziri alijibu vizuri, na nasema hivyo kwa kuwa jibu nililiandika mimi, kwamba uchumi unakua na ukusanyaji unaimarishwa. Ni maneno ambayo hayajawahi kumshibisha mtu, ila yanaandikika.

Akasimama tena kwa swali la nyongeza. Safari hii alivua miwani, na nyumbani akivua miwani ujue utani umekwisha. Alisema fedha za tozo hiyo ndizo zinazotegemewa kuandaa wodi za magonjwa ya mlipuko, na ugonjwa tayari uko kwa majirani zetu. Akasema anaijua hospitali moja ya mkoa, hakuitaja, ambayo wodi yake mpya ilizinduliwa kwa hotuba na picha. Akataka kujua mgonjwa wa kwanza akishushwa pale kesho asubuhi, atafunguliwa mlango na nani. Ufunguo anao mtunza stoo, mtunza stoo yuko likizo, na ndani hamna kitanda hata kimoja. Mna viti vya plastiki vya siku ya uzinduzi, vimepangwa mpaka darini.

Waziri akageuka kunitazama, na hapo ndipo nilipoharibu. Niliandika haraka haraka kwamba asiguse la ufunguo, ni kweli, aahidi jibu la maandishi. Sasa Waziri wetu ni mtu mwema, lakini ana tabia moja ambayo maofisa wote tunaijua na mimi kwa kiwewe niliisahau. Ukimpa karatasi, anaisoma yote. Akaweka miwani puani, akakohoa, akalitangazia taifa, Mheshimiwa Spika, usiguse la ufunguo, ni kweli. Alipofika kwenye kuahidi ndipo akasita.

Wabunge walicheka mpaka wengine wakapiga meza. Binti yako hakucheka. Alingoja watulie, akauliza kwa upole kwamba ikiwa ni kweli, basi anafungua nani.

Kicheko kikageuka. Mbunge mmoja wa upande wa serikali alisimama akataka Bunge lielezwe ofisa wa fedha anaujuaje ufunguo wa hospitali, akaninyooshea kidole na kuwakumbusha wenzake kwamba bwana yule ni mume wa muulizaji. Hapo kila mtu akajumlisha, kama ulivyojumlisha na wewe. Spika akamtaka binti yako ataje aliyempa habari. Akasema si mume wake. Akaulizwa ni nani, akasema hatamtaja. Spika alimwonya, akamwambia aketi afikiri. Akaketi, akafikiri kweli, akasimama akasema amefikiri na hatamtaja.

Akaamriwa atoke na asihudhurie vikao mpaka bajeti iishe. Ungemwona, Mama. Alikusanya karatasi zake moja moja, akarudisha kiti mahali pake, akainama mbele ya Spika, akatembea bila haraka yoyote. Nilimwonea fahari mpaka machozi yakanitoka, na mimi naajiriwa na upande wa pili. Na swali lake halikutoka naye. Spika aliagiza kamati ikakague wodi zote mpya, mkoa kwa mkoa.

Mimi nimesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Bosi aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba nikikiri kuwa habari nilimpa mimi, nitaandikiwa onyo tu, na mke wangu atarudi bungeni kwa kuwa chanzo kitakuwa kimejulikana. Nilirudi nyumbani nikiwa karibu nimekubali. Nilimkuta anamenya viazi. Alisema nisithubutu, kwa sababu nikikiri hivyo watasema swali lilikuwa la wizi, na ukaguzi utakufa siku hiyo hiyo. Kisha akanipa kisu cha pili.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Wewe simu yako huiweka sauti ya juu popote ulipo, hata katikati ya manesi wenzako. Ndivyo nasi tulivyoiweka yetu ile Jumapili jioni ulipotupigia. Ulianza na bei ya sabuni, ukaja kwa mgonjwa wa kikohozi uliyetaka kumtenga, ukamlaza kwenye korido kwa kukosa pa kumweka. Ukasema ulikwenda mwenyewe kutafuta ufunguo wa wodi mpya, ukaambiwa mtunza stoo yuko likizo, ukachungulia dirishani ukaona viti. Ukacheka, ukahamia kwenye habari za kuku. Mimi nilikuwa napiga pasi. Binti yako alikuwa anaosha vyombo. Alifunga bomba, akabaki amesimama na sahani mkononi mpaka ulipoaga.

Aliyempa habari ni wewe, Mama. Ndiyo maana nilijua ni kweli, na ndiyo maana hasemi. Umebakiza muda mfupi ustaafu, na muuguzi mkuu akijulikana kumpelekea mbunge habari za wodi, hata kama mbunge ni mwanawe, kiinua mgongo chake kinaingia mashakani. Amenikataza kabisa kukuambia. Anasema ukijua hutaweza kunyamaza.

Na mimi nakujua vilevile. Kamati inaanzia kwenu, Alhamisi ijayo. Utapiga pasi sare, utawapanga manesi mlangoni, na kabla hawajauliza lolote utawaomba radhi kwa ajili ya mkweo mropokaji. Hilo limeninyima usingizi kuliko mshahara. Mimi unaweza kunisema utakavyo, nitavumilia, lakini pale mlangoni usimwombee mtu msamaha. Wakikuuliza ufunguo uko wapi, jibu ni lako. Ukinyamaza, mwanao atakuelewa, maana ndicho anachokitaka. Ukisema, sisi tuna chumba, kitanda na viazi vya kumenya, na utakaa nasi bila kiinua mgongo chochote.

Wajukuu wanakusalimu sana. Mama yao angekusalimu pia, ila yuko jikoni na hajui ninachoandika. Shemeji atakukabidhi barua hii mkononi. Tafadhali isome peke yako, kimoyomoyo.

Wako akupendaye na kukuheshimu,
Mkweo