Sauti ya Hamisi Wangu

Jumatatu, 18 Januari 2021

Nimepiga pasi shati lake jeupe, nikanusa kola. Ndiyo, nimenusa. Mke wa mwalimu, mimi Mwanasha! Harusi yetu haikuwa na watu wala ngoma kwa sababu ya korona, lakini bwana harusi nilimpata. Yatosha.

Amerudi hoi. Darasa la nane limegawanywa ili watoto wasibanane: nusu ndani, nusu uani chini ya turubai. Mwalimu ni yeye mmoja. Kila kipindi anakifundisha mara mbili, akipaza sauti ndani ya barakoa. Koo limemkwaruza. Nimemchemshia tangawizi. Kanibusu mkono.

Jumatano, 20 Januari

Sauti imekatika. Daktari anasema ipumzike, la sivyo huenda isirudi kama zamani. Mwalimu mkuu anasema hakuna mwingine wa darasa la nane, na mitihani ni Machi. Hamisi ameamua: chembe iliyobaki ni ya wanafunzi. Nyumbani, kimya.

Naogopa. Mwalimu asiye na sauti atafanya kazi gani? Lakini anavyokonyeza kuomba chumvi! Nimecheka, nikamwaga mchuzi.

Ijumaa, 22 Januari

Ameandika ubaoni kutwa. Wa uani hawauoni ubao, ikabidi aseme. Sasa hata mnong'ono hautoki. Nimelia jikoni. Kisha nimekasirika. Mtu mmoja, madarasa mawili, koo moja!

Jumamosi, 23 Januari

Makubwa! Mama Kevo, jirani yetu aliyekosa kazi hotelini Diani, ameniona naongea peke yangu huku mume hajibu. Kampigia mamangu simu. Leo asubuhi hodi: somo wangu Bi Mwanatumu, aliyenifunda kabla ya harusi, na Mjomba Salimu. Wamekuja kutusuluhisha. Kwetu maharusi wakinuniana, somo haketi kwake.

Hamisi kamwinamia. Midomo imecheza, sauti hakuna.

"Haa! Hata shikamoo waninyima?" Somo amewaka. "Nawe Mwanasha, umemfanya nini mtoto wa watu?"

Maskini Hamisi kajishika koo, akilionyesha.

"Kamkaba!" Mjomba akasema.

Nimecheka hadi nikakaa chini. Nilipoeleza, Somo kajitanda kanga usoni kwa haya. Mjomba ndiye aliyesimama. Yeye hukodisha spika za harusi, na tangu mikusanyiko ikatazwe, zimelala chini ya shuka.

"Mkwe wangu apasuke koo nami nina spika? Haiwezekani."

Jumatatu, 25 Januari

Mwalimu mkuu amekubali. Spika moja ndani, nyingine uani. Mjomba alipojaribu maikrofoni, mazoea yakamponza: "Bibi harusi huyooo, anaingia!" Watoto wakapiga vigelegele. Hamisi kanisimulia kwa mikono, na kwa madaha yote ya bibi harusi!

Mnong'ono umerudi baada ya kupumzika siku mbili, na sasa afundisha kwa huo kila kipindi mara moja tu, polepole, kama abembelezaye mtoto. Wote wasikia. Alhamdulillahi. Mume wangu mzuri, jamani.

Jumapili, 31 Januari

Mvua kidogo mchana. Tumeketi barazani, tunamenya machungwa.

"Mwanasha," amesema.

Nzito kidogo, lakini yake.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nimenyamaza, ili aseme tena.