Nyumba Nimeipata, ila Hati Iko Benki kwa Jina la Mwalimu

Mshauri mpenzi, nijibu haraka kabla moyo haujanipasuka kwa furaha, mimi kazi yangu ni kuoka mikate, nauza madukani na kwenye kantini za ofisi, na miaka yote naoka kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga huku mwenye nyumba akilalamikia moshi, sasa juzi mteja wangu, mwalimu mstaafu, mtu mpole kabisa, akaniambia anahamia kwa binti yake na nyumba anaiuza, nikaenda kuiona, jamani! Jiko lina madirisha mawili makubwa, uani kuna bomba lake la maji, na geti linapitisha gari la unga mpaka mlangoni, nilisimama pale nikalia kama mtoto.

Nyumba ina mkopo wa benki haujaisha, ila Mwalimu anasema hilo lisinitie wasiwasi, nimpe yeye kianzio, kisha kila mwezi nimpe rejesho alipeleke benki kwa jina lake lile lile, kwa riba ya zamani ambayo leo huipati popote, mkopo ukiisha atanipa hati, ila benki tusiwaambie maana watatuzungusha, na mtu wao akipita niseme mimi ni mpwa wake. Nimeshaanza kumwita Mjomba wala sioni taabu, na kusema kweli nimeshapeleka fundi akajenga tanuri la matofali kule uani, limebaki dohani tu.

Shida ni mume wangu. Alipoliona lile tanuri alishika kiuno akaniuliza, "Mama Pacha, hapa umejenga kwa nani?" Nikamwambia, "Kwetu!" Akasema, "Kwetu ipi, na hati ina jina la Mwalimu?" Tangu hapo hatuongei vizuri, na nusu ya kianzio anayo yeye, na Mwalimu anataka jibu Jumamosi kwa sababu kuna mnunuzi mwingine. Nimshawishi vipi huyu mwoga asinikoseshe bahati yangu?

Mama Pacha

JIBU

Mama Pacha, kwanza nipe mkono. Kuanzia kibarazani mpaka kununua nyumba si mchezo, na nimefurahi nawe kweli. Sasa kaa chini nikuseme.

Umejenga tanuri uani kwa mtu! Hata kianzio hujatoa! Mumeo si mwoga, mama, ameuliza swali ambalo wewe umelikimbia.

Kununua nyumba yenye mkopo na kuendelea na marejesho si jambo baya, wapo wanaoishi kwa raha kwenye nyumba za namna hiyo. Ubaya ni kuificha benki. Mikataba mingi ya mikopo inairuhusu benki kudai deni lote kwa mpigo ikigundua nyumba imeuzwa bila ridhaa yake. Na Mwalimu akifariki je? Au rejesho lako akalitumia kwa matibabu? Utasimama getini useme wewe ni mpwa? Watoto wake watakushukuru sana kwa kumlipia baba yao deni, halafu watakuomba ufunguo.

Simtukani mzee wa watu. Huenda anaogopa foleni na makaratasi tu. Lakini wewe simamisha fundi leo, na usitoe hata senti. Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe wa Mwalimu, aandike mkataba wa mauziano na aiombe benki kwa maandishi ikubali wewe uuchukue huo mkopo. Ikikubali, rejesho lipeleke benki mwenyewe na risiti zikae kwako. Huyo mnunuzi wa Jumamosi asikutishe, naye ana macho, ataulizia hati.

Mumeo usimshawishi, mwombe radhi. Kisha nendeni nyote wawili kwa Mwalimu, mwambie, "Jumatatu twende benki sote watatu." Akianza kutafuta viatu vyake, piga vigelegele, na mimi huku nitaitikia. Akianza kutafuta sababu, mshike mumeo mkono muondoke, maana hiyo nyumba haikuwa ikiuzwa.