Ukuta wa Baba Paulina

Tlawi, Jumamosi, 14 Juni

Hawaubomoi. Fundi mpya wa kanisa letu la kigango alitaka kuuangusha ukuta wa mawe alioujenga marehemu mume wangu, Baba Paulina, kwa sababu umepinda kidogo. Nimeogopa wiki nzima.

Leo padre alimwonyesha kwenye simu kanisa kuu moja la Ulaya, lililojengwa kwa karne nyingi. Waliochimba msingi walikufa kabla ya paa, wajukuu wakamalizia. Minara yake miwili hailingani.

“Sasa fundi, hapo ungebomoa upi?”

“Padre, hiyo kazi sikupewa mimi!”

Tukacheka. Fundi ataushikilia ukuta kwa nguzo za nje, kama walivyofanya wajenzi wale wa zamani.

Jioni nilipita pale ukutani. Kila alipomaliza kazi, Baba Paulina alikuwa akikandamiza kidole gumba kwenye saruji mbichi. Alama bado ipo. Kidole gumba changu kinaingia humo chote.